Naomba ushauri: dawa ya virusi inashusha chembe nyeupe za mdogo wangu aliyepandikizwa uboho

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mdogo wangu alipandikizwa uboho Chennai, India, kwa sababu ya saratani ya damu. Mimi ndiye niliyemtolea seli, na ziliposhika tulilia kwa furaha. Siku ya 41 baada ya kupandikizwa, vipimo vikaonyesha virusi vya CMV (vile vinavyojificha mwilini na kuamka kinga ikishuka) vimeamka, akaanzishiwa dripu ya gansiklovia. Virusi vinapungua kweli, ila nyutrofili, zile chembe nyeupe za kupambana na bakteria, zimeshuka kutoka 2,100 hadi 480. Anachomwa sindano za kuzipandisha kila siku. Jana kapata homa. Sijalala.

Daktari anapendekeza tuhamie foskaneti, ambayo haikandamizi uboho kama hii. Shida yake ni figo: lazima aongezewe maji mengi ya dripu, na inaweza kushusha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu hadi mtu asikie ganzi mdomoni au apate degedege. Naye tayari yuko kwenye siklosporini, dawa ya kushusha kinga ili seli nilizompa zisimshambulie, nayo inaumiza figo hizohizo. Hapo ndipo ninapokwama.

Kwa aliyewahi kuuguza mgonjwa wa hivi: mlibadilisha dawa, au mlisimamisha kwanza mkasubiri chembe zipande? Kreatinini (kile kipimo cha figo) ilifika ngapi, na ilirudi? Letemovia nimeulizia, nikaambiwa hiyo ni ya kuzuia zaidi, si ya kutibu virusi vikishaamka. Na mliorudi Tanzania, kipimo cha wingi wa CMV mlifanyia wapi?

Kesho asubuhi natakiwa nitoe jibu.