Naomba ushauri: hela za kaka aliye ughaibuni zinayeyuka

Wakuu, habari zenu. Kaka yangu hututumia hela kila mwezi, na mimi ndiye mpokeaji na mgawaji. Tangu zianze kuingia, matumizi ya nyumbani yamebadilika kabisa. Ada inalipwa kwa wakati na mama hakosi dawa zake za presha, hapo sina neno. Lakini mdogo wetu kaacha vibarua, king'amuzi kimepandishwa kifurushi, na kila mwenye msiba au harusi anaanzia kwetu. Kaka akichelewa wiki moja tu, tunakopa dukani!

Nafikiria kumwomba alipe ada moja kwa moja shuleni, na nyingine atume kwa mkupuo kila baada ya miezi miwili, maana hela ndogo ndogo ndizo zinazoliwa zaidi na makato. Wastani wa makato hayo duniani bado unazidi asilimia 6 ya hela inayotumwa, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Mama anaona nataka kuwabana.

Waliopitia hili, mliwekaje akiba bila kugombana? Na huyu mdogo, nimpe mtaji au nimkatie posho?