Majaribio ya kuharibu ext4 kwa makusudi yanafeli baada ya kusasisha e2fsprogs

mlinzi_wa_bloku:
Wakuu, naomba ushauri. Tuna majaribio ya kiotomatiki ambayo kila moja hutengeneza picha ya diski (faili inayoiga diski) yenye mfumo wa faili wa ext4 kwa mke2fs, huandika baiti chache kwa dd kwenye ofseti (nafasi ya baiti) iliyowekwa ndani ya skripti, huendesha `e2fsck -fy` (kikaguzi na kirekebishaji cha mfumo wa faili), kisha hulinganisha maandishi yaliyotoka na faili ya matarajio. Tulipohama kutoka toleo la 1.42 la e2fsprogs (kifurushi cha zana hizi za ext4), mengi yalianza kufeli. Lile la idadi ya viungo (majina yanayoelekeza kwenye inodi, yaani rekodi ya faili) lilikuwa likitoa `Inode 12 ref count is 5, should be 1` tu. Sasa kabla ya hapo linatoa `passes checks, but checksum does not match inode`. Kwenye mengine, e2fsck inafuta inodi nzima. Je, inatosha kuandika upya faili za matarajio?

inodi_mbili:
Usiziandike upya bado, mkuu. Ukifanya hivyo utabaki na jaribio lenye jina lile lile linalopima kitu kingine.

Kuanzia 1.43 (mwaka 2016), mke2fs huwasha metadata_csum (cheksamu za metadata) na 64bit (namba za bloku za biti 64) yenyewe. Kila inodi sasa ina cheksamu yake (namba ya kuthibitisha kwamba data haijabadilika), kwa hiyo dd ikigusa sehemu moja inaharibu vitu viwili: sehemu hiyo na cheksamu. Inodi ikionekana kuwa takataka, e2fsck yenye `-y` inaifuta kabla hata ya kufika kwenye kasoro uliyotaka kuipima. Juu ya hayo, 64bit hufanya kielezo cha kila kundi la bloku kiwe na baiti 64 badala ya 32, hivyo ofseti za zamani zinaweza kuangukia pengine kabisa.

Badilisha zana ya kuharibia, tumia debugfs (kihariri cha mfumo wa faili wa ext4) badala ya dd:

`debugfs -w -R "sif <12> links_count 5" diski.img`

debugfs hukokotoa cheksamu upya baada ya kuandika, kwa hiyo kasoro inayobaki ni ile moja. Iache dd kwa majaribio ya cheksamu yenyewe, na ofseti uitafute kila mara kwa `debugfs -R "imap <12>" diski.img`, inayokupa bloku na nafasi ya inodi ndani yake. Kwa XFS (mfumo mwingine wa faili) mantiki ni hiyo hiyo: katika xfs_db (iwashe kwa `-x`), `write -d` huandika data mbovu na kukokotoa cheksamu, ilhali `write -c` huiacha cheksamu ikiwa mbovu.

kodi_ya_kutoka:
Naongezea jambo ambalo majaribio mengi ya aina hii hayana: uthibitisho kwamba uharibifu umetokea. debugfs inaweza kurudisha kodi ya kutoka 0 (yaani mafanikio) hata kama amri uliyoipa imeshindwa. Ikitokea hivyo, e2fsck inakagua diski nzima isiyo na kasoro, na jaribio linapita.

Endesha e2fsck mara tatu. `-fn` baada ya kuharibu lazima irudishe 4, yaani kuna makosa yasiyorekebishwa. `-fy` irudishe 1. Kisha `-fn` tena irudishe 0. Usikubali "chochote kisicho sifuri": 8 maana yake e2fsck haikuweza hata kufanya kazi. Hicho ndicho kinachoweza kutokea dd ikikosa `conv=notrunc`, kwa sababu huikata picha pale ilipoishia kuandika.

Kwa maandishi, weka LC_ALL=C (ili ujumbe usitafsiriwe) na utafute sentensi moja inayohusu kasoro yako. Kulinganisha kila mstari kutakuchosha kwa kila toleo jipya.

inodi_mbili:
Pia usitegemee chaguo-msingi za mke2fs. Taja `-b` (ukubwa wa bloku), ukubwa wa picha, `-O` (vipengele), `-U` (UUID) na `-E hash_seed=`, na uelekeze MKE2FS_CONFIG kwenye faili yako, maana mke2fs.conf hutofautiana kati ya mashine. Ukubwa wa bloku una uzito kuliko unavyoonekana. Kwa bloku za 4096, kundi moja ni MiB 128, kwa hiyo picha ya MiB 64 haina nakala ya superbloku (bloku yenye maelezo makuu ya mfumo wa faili) hata moja, na jaribio la kuirejesha haliwezi kufaulu. Kwa `-b 1024` kundi ni MiB 8 na nakala ya kwanza iko bloku 8193.

mlinzi_wa_bloku:
Shukrani sana. Na picha za zamani zilizobanwa kwa gzip ndani ya Git, tuzitupe?

kodi_ya_kutoka:
Zile ambazo skripti inaweza kuzitengeneza upya, ndiyo. Zilizotokana na hitilafu halisi zihifadhi kama zilivyo, kwani huenda mke2fs ya leo haiwezi kuzalisha hali ile. e2fsprogs yenyewe hutunza saraka za `tests/f_*` zenye image.gz, expect.1 na expect.2. Picha mpya kutoka diski kubwa ichukue kwa `e2image -r`, inayobeba metadata bila yaliyomo ndani ya faili. Lakini majina ya faili yamo, kwa hiyo angalia faragha kabla ya kuichapisha.

Kwa uharibifu wa nasibu, andika mbegu yake (namba inayoanzisha unasibu) kwenye logi na usidai matokeo mahususi. Dai tu kwamba e2fsck imemaliza ndani ya muda (`timeout` hurudisha 124 ukipita), haikuanguka (SIGSEGV e2fsck huikamata yenyewe na kurudisha 8, 134 ni SIGABRT), na ukaguzi wa mwisho ni 0.

Picha mbovu usiipachike (mount) kwenye kerneli ya mashine inayoendesha majaribio. Tumia QEMU (mashine pepe): superbloku ikiwa na errors=panic, kosa la kwanza litakaloonwa na ext4 linaangusha mashine nzima.