Tupeane uzoefu: umepewa usimamizi wa zamu juu ya watu mliokuwa mkifanya kazi pamoja

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotolewa kwenye ufundi, kaunta au stoo na kukabidhiwa zamu. Nasaha za "kuwa mfano bora" tumezisikia za kutosha, tuwekeane vitu vya kufanya.

Naanza na barua. Kukaimu kwa mdomo ni mtego: kazi unafanya, posho huioni, na likiharibika jambo jina ni lako. Barua itaje cheo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, unaripoti kwa nani, posho, na mamlaka yako yanaishia wapi. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Je, unaruhusiwa kuidhinisha ruhusa? Ovataimu? Kutoa mzigo stoo? Bosi asipoandika, mwandikie wewe barua pepe siku hiyohiyo: "Kama tulivyoongea leo, kuanzia tarehe 1 nitasimamia zamu B na nitaidhinisha ruhusa za siku moja. Naomba uthibitisho." Hata asipojibu, kumbukumbu unayo.

Fundi wa zamu:
Makabidhiano yafanyike mbele ya mashine, si getini. Robo saa inatosha. Daftari moja, sahihi mbili: anayetoka na anayeingia.

Kinachoua zamu ni kuandika "hakuna tatizo". Mashine ya kujaza chupa imesimama mara nne, kila mara ikawashwa tu. Wanaoingia wanaanza kutafuta ugonjwa upya. Andika saa iliyosimama, fundi aligusa nini na iliwakaje. Kama kuna sensa ya usalama ya mashine (kifaa cha kuisimamisha penye hatari) imerukwa ili kazi iendelee, iandike kwa wino mwekundu, maana hiyo ndiyo humkata mtu vidole.

Mdau wa rasilimali watu:
Naongezea upande wa rosta, yaani ratiba ya zamu, kwa Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku. Ovataimu isizidi saa 50 kwa mzunguko wa wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Sasa piga hesabu: ukimwongezea mtu saa 3 kila siku, siku tano kwa wiki, ni saa 15. Wiki nne ni 60. Umeshavuka, na hukuona ubaya wowote kwa sababu kila siku peke yake ilikuwa halali.

Jambo la pili ni ovataimu kwenda kwa washkaji. Bandika ukutani orodha ya zamu za ziada ili kila mtu aone nani kapata ngapi. Manung'uniko mengi huishia hapo.

Nidhamu je? Usimkaripie mtu mbele ya wenzake. Mwite pembeni, taja tendo, siku na madhara yake, kisha andika. Ikifika kwenye kikao cha nidhamu, apewe taarifa si chini ya saa 48 ili ajiandae. Na kamwe usimwambie mtu "usirudi kesho". Akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, mwajiri ataulizwa sababu halali na utaratibu uliofuatwa, na wewe ndiye utakayeitwa kueleza.

Mtumishi:
Serikalini PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi, imechukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS. Jaza utekelezaji kazi inapokamilika. Ukingoja Juni, nusu ya uliyofanya umeshasahau.

Swali:
Na yule mliyekuwa mkigombea naye nafasi hiyo?

Fundi wa zamu:
Mkalishe wiki ya kwanza, nyinyi wawili tu. Usimpe pole. Mpe kipande cha kazi chenye uamuzi ndani yake, mathalani kufundisha wageni na kuamua nani yuko tayari kuachiwa mashine. Kazi ya kupooza roho ataijua tu, na atakuchukia zaidi.

Halafu andaa wa kukushikia. Bosi hakupandishi kama ukiondoka zamu inakufa. Kwanza akutazame ukipanga rosta, kisha apange yeye nawe ukague, mwisho aiendeshe zamu siku yako ya mapumziko. Siku hiyo simu yako wapige kwa ajali au moto tu.