MJADALA: Mikono inayonyooshwa kwenye mkutano wa kijiji inahesabu maoni au inahesabu woga?

Mleta mada:

Mbukwenyi wana Dodoma, na wengine mliopo.

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji kwetu, wilaya ya Chamwino. Kijiji sikitaji, maana wahusika bado tunasalimiana. Ajenda ilikuwa moja: eneo la malisho, apewe mtu mmoja aongeze shamba lake la zabibu, au libaki lilivyo.

Tulikaa chini ya mbuyu. Viti vya plastiki vilikuwa kama kumi, vyote mbele: mwenyekiti, mtendaji, wazee kadhaa, na huyo mwenye kuomba eneo. Nusu ya vijana wa kijiji wanamfanyia vibarua wakati wa kupogoa na kuvuna, na zabibu kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wanaume wengine walikaa kwenye magogo. Wanawake nyuma kabisa, chini, juu ya kanga zao.

"Wanaokubali, mikono juu." Ikapanda. "Wanaokataa?" Kimya. Nilikuwa naangalia upande wa akina mama. Jirani yetu mmoja aliinua mkono mpaka usawa wa sikio, akatupa jicho walikokaa wanaume, mkono ukaishia kwenye kilemba. Akakikaza. Kilemba chenyewe kilikuwa hakijalegea. Mtendaji akaandika kwenye muhtasari: wajumbe wote wameridhia.

Jioni nikamkuta bombani. Akaniambia, "Mbuzi zangu sasa nitazipeleka wapi? Lakini baba watoto alishanyoosha, mimi ningeanzaje?"

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie, na mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Hapo ndipo ninapokwama. Mwenyekiti, ambaye anakaa miaka mitano tu, tunamchagua kwa karatasi ya siri. Ardhi, ambayo ikienda imekwenda, tunaiamua kwa mkono juu mbele ya mume, mkwe na mwenye kibarua.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, kule Marekani, aliwakalisha wanafunzi wa kiume pamoja akawaonyesha mistari: upi kati ya hii mitatu unalingana na ule? Jibu lilikuwa wazi hata kwa mwenye jicho moja. Ila wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo. Yule mmoja aliufuata uongo wao takriban mara moja katika kila tatu. Alipopata mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, au aliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka, kufuata mkumbo kulishuka sana. Na pale hakukuwa na mtu anayemdai mwenzake debe la mtama.

Hoja yangu: maamuzi ya ardhi na michango yapigiwe kura ya siri. Karibuni, kwa hoja.

Mzee wa Bahi:

Mwanangu, mkutano wa kijiji si uchaguzi. Ni kikao. Watu wanazungumza, wanabishana, anayeona tofauti anasimama anasema. Ukileta siri unaleta kundi la watu wanaokaa kimya mchana na kuharibu jambo gizani. Mtu akikataa kisima, nataka nimjue na anieleze kwa nini.

Halafu msisahau tulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Dodoma, tulihamishiwa vijijini na wengi wetu hatukuulizwa mkono wala karatasi. Leo mnaulizwa, mnalalamikia namna ya kuulizwa.

Mchangiaji, Nkuhungu:

Mkuu mleta mada, tatizo hapo si mikono. Ni kwamba wanawake wetu hawajiamini. Wapewe semina.

Muuguzi, Kondoa:

Kaka wa Nkuhungu, semina tumehudhuria mpaka tunazijua chai zake. Nikupe mifano miwili.

Stanley Milgram, chuo kikuu cha Yale, alianza majaribio yake mwaka 1961. Mtu anaambiwa na msimamizi aliyevaa koti ampige mwenzake shoti ya umeme kila akikosea jibu, akipanda hatua kwa hatua mpaka volti 450. Umeme ulikuwa wa bandia, lakini yeye hakujua. Kati ya wanaume 40, wanaume 26 walifika mwisho. Alipojaribu kwa wanawake 40, walifika mwisho 26. Sawasawa. Kwa hiyo hiyo habari ya kwamba utii ni ugonjwa wa kike, iweke pembeni.

Wa pili unanihusu. Mwaka 1966 Charles Hofling na wenzake walichapisha jaribio la hospitalini: daktari asiyejulikana anapiga simu wodini, anaagiza mgonjwa apewe miligramu 20 za dawa ambayo chupa yake imeandikwa mwisho ni 10. Wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa tayari kuitoa, wakazuiwa mlangoni. Hawa walikuwa wamesoma na kibandiko walikiona. Lakini agizo lilishuka kutoka juu, na wakati ule kwao juu alikaa daktari mwanamume, chini muuguzi mwanamke. Ukiniuliza ni jinsia au ni tabaka, nitakwambia siwezi kuvitenganisha, kama uji na maji yake.

Sisi wodini tuna lugha yetu. Daktari akiandika kitu ninachokitilia shaka, sisemi "umekosea". Nasema, "Samahani daktari, macho yangu leo hayaoni vizuri, hii ni moja au ni saba?" Anarekebisha, heshima yake imebaki. Mgonjwa anapona kwa macho yangu mabovu. Sasa mama wa Chamwino kwenye mkutano atasema macho yake hayaoni nini?

Mgeni kutoka Nakuru:

Jirani zetu, sisi tulishayaona. Mwaka 1988 chama cha KANU kiliteua wagombea kwa kura ya mlolongo: unapanga foleni nyuma ya mgombea wako, chifu anakuona, mwajiri anakuona. Na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, hakuna kura ya siri tena. Foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu watu wakiwa wamesimama palepale. Kwa hiyo Mzee wa Bahi, uwazi nao unaibiwa mchana kweupe.

Mleta mada:

Asante ndugu yetu. Naongeza kwamba hata Uingereza hawakuzaliwa na siri hiyo. Baada ya uchaguzi wa 1868, wakulima wa kukodi huko Wales walifukuzwa mashambani kwa kumpigia kura mtu ambaye mwenye ardhi hakumtaka. Sheria ya kura ya siri ilipita mwaka 1872.

Kibarua:

Mimi ni miongoni mwa walionyoosha siku ile, ingawa sijui kama mleta mada atanitambua. Niseme tu, tajiri hakututisha. Wala hakufungua mdomo. Kura ilipoitwa aligeuza kiti chake kidogo, akawa anatutazama, basi. Wakati wa kupogoa huwa anasimama getini anaonyesha kidole: wewe, wewe, wewe. Ukirukwa siku tatu umeelewa.

Na nikuulize kaka. Umeandika vizuri habari ya mkono wa mama. Mkono wako ulikuwa wapi?

Mleta mada:

Mfukoni.

Umenipata. Nilijiambia mimi siku hizi naishi mjini, si jambo langu. Ukweli ni kwamba yule bwana alinichangia ada ya chuo mwaka wa pili. Hajawahi kunikumbusha. Ningekuwa na karatasi ya siri ningekataa, na nadhani hilo ndilo linalonisumbua hata nikaleta mada.

Mzee wa Bahi:

Hapo umeongea kiume. Lakini bado. Mtu aliyesoma chuo anashindwa kutoa mkono mfukoni, karatasi itamsaidia nini? Kesho muhtasari utaandikwa na mtendaji yuleyule, ajenda itapangwa na walewale wa viti vya mbele. Halafu bibi zetu wasiosoma mtawasomea karatasi? Msomaji ndiye atakayepiga kura.

Muuguzi, Kondoa:

Shikamoo mzee. La ajenda nakubali, hilo siri hailiponyi. La kusoma, Gambia walilitatua tangu miaka ya 1960: mpiga kura anapewa gololi, anaidondosha kwenye pipa la mgombea wake, kengele inalia mara moja. Zikilia mbili msimamizi anajua kuna mjanja.

Mama wa VICOBA, Mpwapwa:

Hata gololi hazihitajiki. Kikundi chetu kilikuwa na mweka hazina, mke wa mtu mkubwa hapa. Kila mwaka tulinyoosha mikono arudi, kila mwaka tulirudi nyumbani tukinuna. Mwaka jana bibi mmoja akasema tutumie punje: kila mtu anapewa hindi moja na choroko moja, anakwenda kwenye chungu kilichofunikwa, anatumbukiza moja, nyingine anaondoka nayo kiganjani. Hindi arudi, choroko apumzike. Tulikuwa 27. Tulikuta choroko 22, na mahindi 5.

Yeye mwenyewe alicheka, akasema alishachoka kuzihesabu hela zetu. Sijui kama ni kweli, lakini bado yumo kwenye kikundi na hisa ananunua.

Mzee wa Bahi:

Marahaba muuguzi. Na wewe mama, hicho chungu alikilinda nani?

Mama wa VICOBA, Mpwapwa:

Kiliwekwa nyuma ya kanga, mzee wangu. Alikaa nacho mjukuu wangu wa darasa la tatu, mgongo ametupa. Kazi yake ilikuwa kufukuza kuku.