Mkituamuru wekeni sahihi! Walimu wakuu wanaponzwa na maagizo ya mdomo

Wadau, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Halmashauri siitaji, na nawaomba msianze kunichimba.

Mwalimu wetu mkuu ameondolewa madaraka. Kosa lililoandikwa kwenye barua ni kuchangisha wazazi fedha za kambi ya darasa la saba bila kibali. Ukiisoma barua hiyo bila kujua habari utadhani mzee wa watu aliamka tu asubuhi akajitungia mradi wa kula hela za wazazi.

Ukweli ni kwamba waliitwa kikao na bosi wao, walimu wakuu wote, wakaambiwa darasa la saba waingie kambini, yaani walale shuleni wakijiandaa na mtihani. Hela itatoka wapi? "Mtajuana wenyewe na wazazi wenu, mimi nataka ufaulu." Mmoja akathubutu kuuliza kama agizo litakuja kwa barua. Akajibiwa, "Mwalimu, unataka barua au unataka cheo?" Watu wakacheka, wakaandika kwenye madaftari yao, wakatawanyika. Kikao hakina muhtasari. Ukienda leo kutafuta ushahidi kwamba kiliwahi kufanyika, labda uulize waliouza soda.

Mwalimu wetu mkuu akarudi, akaitisha kamati ya shule, kamati ikaitisha wazazi. Debe la mahindi na 15,000 kwa mtoto. Wengi walitoa, wengine hawakuwa nacho. Mzazi mmoja, na ana haki yake kabisa, akasimama kwenye mkutano wa hadhara wa mkuu wa wilaya akauliza: elimu si bila malipo? DC akageuka na kipaza sauti: nani karuhusu huu mchango? Mwalimu mkuu akasimamishwa mbele ya wazazi na wanafunzi wake. Aliyetoa agizo alikuwa meza kuu palepale, ameinamia simu yake kama vile anasoma ujumbe wa msiba. Hakufungua mdomo. Mwalimu mkuu naye hakumtaja, kwa sababu angemtaja na nini mkononi?

Makofi yalipigwa sana siku hiyo.

Sasa twende kwenye hesabu, maana kuna watu humu watasema walimu wana tamaa. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi inapigwa kwa 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, hesabu ya tangu MMEM (mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi) ilipoanza mwaka 2002. Katika hiyo, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndiyo inashuka kwenye akaunti ya shule. Gawanya kwa 12: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi, ukarabati, michezo, mitihani ya ndani na utawala. Shule ya watoto 800 inapata 400,000 kwa mwezi, kama zimekuja zote. Hebu niambieni, kambi inatoka wapi humo? Mpishi, kuni, taa, mlinzi wa usiku, watoto wa kike wanaolala darasani? Anayeagiza anaijua hesabu hii kuliko sisi. Kwa hiyo anaposema "mtajuana wenyewe" anajua vizuri anachokisema: changisheni, ila mimi sijasikia.

Na anajua pia kwamba kusema hivyo kwa maandishi ni hatari. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huohuo ukagawa majukumu ya kila mmoja, kuanzia wizara mpaka mzazi. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, akasema mwalimu asishike kabisa fedha hizo. Mzazi mwenye moyo wa kuchangia aende kwa mkurugenzi. Sawa. Lakini matokeo yake kwetu huku chini si kwamba shinikizo la kambi na mitihani ya kila wiki lilikoma. Lilihama kwenye karatasi likaingia kwenye simu. Siku hizi linakuja kama sauti kwenye grupu la WhatsApp la walimu wakuu. Asubuhi ukifungua unakuta "ujumbe huu umefutwa", lakini agizo lenyewe halijafutwa, na Ijumaa utaulizwa utekelezaji.

Kuna jambo moja linaniumiza kuliko yote. Kwa kanuni za viboko za mwaka 2002, mwalimu hawezi kumchapa mtoto fimbo mpaka awe mwalimu mkuu, au awe amepewa ruhusa na mwalimu mkuu kwa maandishi. Fimbo zisizidi nne. Na lazima iandikwe kwenye kitabu: jina la mtoto, kosa, idadi ya fimbo, nani kachapa. Yaani fimbo mbili za mtoto wa darasa la nne zina kumbukumbu ya maandishi. Agizo la kumvunjisha mtumishi wa umma waraka wa wizara halina hata mstari mmoja.

Halafu mnatuletea semina za maadili. Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma za 2005 zimebandikwa ukutani ofisini kwetu, karatasi imeshaanza kupauka. Utii kwa Serikali upo. Kuheshimu sheria upo. Kuwajibika kwa umma upo. Sasa mwezeshaji wa semina anijibu: bosi wangu, ambaye kwangu ndiye Serikali, akiniamuru kwa mdomo nifanye kinachokatazwa na waraka wa Serikali hiyohiyo, nisome mstari upi? Nilishawahi kumuuliza mmoja swali hili. Akasema "tumia busara". Busara ya mwalimu wa kijijini dhidi ya mtu anayeandika barua za uhamisho!

Na wanaokataa tunawaona. Jirani yetu, shule ya pili tu kutoka kwetu, mwalimu mkuu alisema hafanyi kambi bila barua. Hakufokewa wala nini. Baada ya muda akahamishwa kwenda kata ya mwisho huko, kule daladala haifiki, "kwa manufaa ya umma". Hiyo barua ya uhamisho sasa, ilikuwa na kumbukumbu namba, tarehe, nakala kwa watu watatu, na muhuri umekaa vizuri kabisa. Kumbe kuandika wanajua.

Msidhani ni kambi tu. Kambi ni vijisenti. Nendeni kwenye ujenzi. Tangu fedha za miradi, BOOST (ule wa kuboresha shule za msingi) na mingineyo, zianze kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule, mwalimu mkuu amekuwa mkandarasi bila kusomea. Shule inaunda kamati zake: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Kwa maandishi kila kitu kipo chini ya jamii, safi sana. Halafu simu inalia: saruji chukueni kwa fulani. Nondo kwa fulani. Fundi anakuja kesho, tumeshaongea naye. Ukisema kamati haijakaa, unaambiwa unakwamisha mradi wa mheshimiwa Rais. Mwalimu anasaini hati ya malipo. Ukuta ukipasuka, TAKUKURU wanafungua faili, na humo kuna sahihi ya nani? Ya mwalimu wa posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwezi. Aliyepiga simu hayumo kwenye faili, na pengine yumo kwenye timu ya uchunguzi.

Wengine mtasema presha ya ufaulu ni halali, viongozi wanadai matokeo. Tunakumbuka presha hiyo ilishatufikisha wapi. Mwaka 2009 Bukoba, mkuu wa wilaya Albert Mnali aliamuru walimu 19 wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya, na askari akawachapa. Rais Kikwete alimfukuza kazi, na ilistahili. Lakini nimewaza sana kuhusu yule askari. Naye aliamriwa kwa mdomo, naye alikuwa na sheria upande mmoja na bosi upande mwingine. Oktoba 2018 NECTA, Baraza la Mitihani, ikafuta matokeo ya darasa la saba ya shule za msingi za Halmashauri ya Chemba kwa udanganyifu, watoto wakarudia mtihani. Mtoto wa miaka 13 anarudia mtihani kwa sababu watu wazima walitaka asilimia. Na mwaka 2023 NECTA yenyewe ikaacha kutangaza shule kumi bora. Huku kwetu hakuna aliyeacha. Orodha inasomwa kikaoni kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho anasimama.

Ninachotaka hakihitaji bajeti wala semina. Agizo lolote kwa mwalimu mkuu linalogusa fedha za wazazi, fedha za mradi au mtihani lije kwa barua, au angalau kwa ujumbe usiofutwa, lenye jina na cheo. Lisipokuja hivyo, mwalimu asiadhibiwe kwa kutolitekeleza. Basi. Viongozi wa umma wanajaza tamko la mali zao kila mwaka kabla ya Desemba 31 kupeleka Sekretarieti ya Maadili: nyumba, gari, shamba. Wanaweza kutuandikia gari lao lakini hawawezi kutuandikia agizo lao?

NYONGEZA, nimesoma maoni yenu.

Aliyesema "mngerekodi, si mmepewa vishikwambi": ndugu yangu, kwenye vikao hivyo simu na vishikwambi vinaachwa nje. Wanajua wanachofanya.

Aliyesema walimu wakuu nao ni wezi, wanachangisha 15,000 na kambi inakula 8,000. Wapo, sikatai, na wengine nawajua kwa sura. Lakini fikiria: huyo mwizi anajificha nyuma ya nini? Akibanwa anasema "ni maagizo ya juu", na hakuna anayeweza kumbishia kwa sababu maagizo ya juu hayajawahi kuwa na karatasi. Barua ingemkamata yeye kwanza kabla ya mtu mwingine.

Aliyesema niende CWT, chama chetu cha walimu: nimekwenda. Nimeambiwa niandike barua.

Aliyesema niache kazi, sina cha kukujibu.

Sasa ombi kwa walimu wakuu na maafisa elimu kata mnaosoma kimyakimya, najua mpo. Yeyote mwenye barua moja tu yenye muhuri wa halmashauri inayosema fanyeni kambi, changisheni kiasi kadhaa, au nunueni saruji duka fulani, aiweke hapa. Funika majina, funika namba ya kumbukumbu. Na kama kwa muda wako wote wa uongozi hujawahi kupata hata moja, andika hapa "sijawahi" na mkoa uliopo, tuhesabu.