Ushauri: Njia ya Inca ya siku moja kwenda Machu Picchu, nitembee na mdogo wangu au tupande treni?

Msukuma_Ughaibuni:
Wakuu habari za wakati huu. Niko Ohio, mimi na mdogo wangu wa kike tunaenda Peru mwishoni mwa mwezi wa pili, Machu Picchu ni ndoto yake tangu yuko sekondari Mwanza. Nimeshalipia ile ya siku moja na mwongozaji, unapanda treni Ollantaytambo alfajiri, unashushwa njiani kwenye alama ya reli ya kilomita 104, halafu unapanda kwa miguu kama kilomita 12 mpaka Inti Punku, lango la mawe la Wainka, ndo unaiona Machu Picchu kwa juu. Sasa roho haitulii. Hiyo njia ni ngumu kiasi gani kwa mtu wa kawaida? Na waongozaji wanabeba mtungi wa oksijeni? Au tupande treni mpaka Aguas Calientes, mji ulio chini ya Machu Picchu, halafu basi kama wengine. Waliofika naombeni msaada, hasa hapo kwenye oksijeni.

Kibo_Mgumu:
Mkuu mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi njia ya Marangu kwahiyo milima naijua. Hiyo Inti Punku ni kama mita 2,700, yaani ni Mandara tu, kambi ya kwanza kabisa. Wazungu wa miaka 70 wanafika Mandara wanaimba. Kuna mmoja nilimpandisha ana goti la chuma, tulienda pole pole mpaka Gilman's kule juu ukingoni mwa kreta, siku ile theluji imetujaa mpaka kwenye kope na yeye anatuambia hadithi za mkewe marehemu, sitamsahau yule mzee. Nendeni mtembee.

Binti_Mzizima:
Umeshafika Kilwa Kisiwani? Michoro ya Kondoa umeiona? Sisi Watanzania tunavuka bahari kwenda kushangaa mawe ya wenzetu na ya kwetu yanaota majani. Sisemi kwa ubaya, inaniuma tu.

Msukuma_Ughaibuni:
Dada Kilwa nimefika, asante. Kibo umenipa moyo. Ila la oksijeni hujalijibu.

Nesi_Zamda:
Mleta mada, umeuliza oksijeni mara tatu kwa njia ambayo mgumu wa Kili anakwambia ni Mandara tu. Nani mgonjwa kati yenu?

Msukuma_Ughaibuni:
Hakuna mgonjwa. Mdogo wangu ana tatizo dogo la damu ila limetulia muda mrefu.

Nesi_Zamda:
Tatizo dogo la damu linaitwaje?

Mzee_wa_Kahawa:
Mbona mnamhoji kijana wa watu kama yuko kituoni 😂 Mwache aende, maisha ndo haya haya. Akifika atuletee sweta la alpaka.

Msukuma_Ughaibuni:
Sawa niseme tu. Ana selimundu, SS. Lakini nisikilizeni kwanza. Anatumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, hajalazwa muda mrefu, anafanya kazi, anapanda ngazi za ghorofa kila siku. Kibali cha kutembea njia kinatoka kwa jina na namba ya pasipoti, hakibadilishwi kupewa mtu mwingine na hela hairudi. Na huyu mtoto ameambiwa "wewe huwezi" maisha yake yote, michezo hapana, kuogelea hapana, bweni hapana. Mimi sitaki kuwa mtu mwingine tena wa kumwambia hapana. Tutalala Cusco siku mbili azoee hali ya hewa kisha twende. Naona nimejipanga.

Nesi_Zamda:
Kaka yangu, nakuelewa na uchungu wako nauona, lakini hapo kwenye "azoee" ndo pabaya. Wewe unaogopa njia, njia siyo sehemu ya juu ya safari yenu. Machu Picchu yenyewe ni mita 2,430. Cusco ni 3,400. Unataka kumlaza mtu wa SS siku mbili mahali pa juu kuliko mlima anaokwenda kupanda. Hewa ikiwa nyepesi oksijeni kwenye damu inashuka, chembe nyekundu za damu zinajikunja, zinaziba mishipa, hapo maumivu ya mifupa, kifua, na bandama kama bado analo. Hata wenye AS tu, yaani waliorithi selimundu upande mmoja, ambao maisha yao yote hawajui kama wanayo, wapo waliopata shida ya bandama wakipanda juu. Ongeza baridi ya usiku, kuishiwa maji na kupanda ngazi za mawe. Dawa inapunguza krisis, yaani mashambulizi ya maumivu, haiondoi ugonjwa.

Kibo_Mgumu:
Eeh, kama ni SS nafuta maneno yangu. Cusco hiyo ni kama kulala karibu na Horombo, kambi ya pili ya Marangu, na Horombo nimeshusha watu wazima wenye afya zao kwa machela.

Fundi_Saa:
Wakuu naomba niwaulize, hivi hamuoni kama hii ni chai? Njia ya Inca inafungwa mwezi wa pili mzima kila mwaka kwa ajili ya ukarabati, iko wazi kabisa mtandaoni, huyu kauziwa kibali cha mwezi wa pili na nani? Na treni gani inashusha watu porini kilomita 104? Mara kaka mwema, mara mdogo mgonjwa, mara ndoto ya sekondari. Tumeshapigwa humu na nyuzi za hivi, mwisho inakuja namba ya kuchangia.

Binti_Mzizima:
Mmh. Nami hiyo "hakuna mgonjwa" halafu ghafla SS ilinishtua.

Msukuma_Ughaibuni:
Soma vizuri mkuu. Kusafiri ni mwishoni mwa mwezi wa pili, kutembea ni tarehe 3 mwezi wa tatu njia ikishafunguliwa. Sijaomba senti ya mtu hapa na sitaomba.

Fundi_Saa:
Weka kibali tukione, futa majina.

Msukuma_Ughaibuni:
Kina pasipoti zetu, siweki.

Dereva_Arizona:
Kilomita 104 ipo, mimi nimeshuka pale. Hakuna stesheni, treni inasimama, mnaruka chini haraka na mabegi, inaondoka mnabaki na mto Urubamba unanguruma na daraja la kamba za chuma. Ng'ambo wanakagua pasipoti herufi kwa herufi. Halafu ni kupanda tu ubavuni mwa mlima, jua linakupiga mgongoni masaa matatu hakuna kivuli cha maana, mpaka magofu ya Wiñay Wayna, matuta ya mawe yameshuka mlimani na maporomoko ya maji pembeni, pazuri sana jamani, nilikaa chini nikanyamaza. Mbele kabla ya Inti Punku kuna ngazi zimesimama wima, unapanda kwa mikono na miguu. Mtungi sijui kampuni yenu, muulize kwa maandishi. Ila ukishavuka lile daraja hakuna barabara, hakuna punda maana wanyama wa mizigo hawaruhusiwi, atakayezidiwa anatembea au anabebwa. Na mwezi wa tatu bado mvua, mawe yanateleza. Halafu kitu kingine, chai ya majani ya koka mtapewa kila hoteli, kama unaendesha trela Marekani kama mimi usiguse, kipimo cha kazini kitasoma kokeini na utamweleza nani. Majani usirudi nayo pia.

Msukuma_Ughaibuni:
Asante sana mkuu. Nesi, je tukitua Cusco tukashuka siku hiyo hiyo Ollantaytambo bila kulala?

Nesi_Zamda:
Ni afadhali, Ollantaytambo ni kama 2,800, lakini barabara ya Chinchero inapita juu kuliko Cusco yenyewe kabla ya kushuka. Mimi siwezi kumruhusu wala kumkataza, hilo ni la daktari wake wa damu. Swali langu ni moja, yeye mwenyewe anasemaje? Ana miaka mingapi?

Msukuma_Ughaibuni:
24. Sijamwambia habari za Cusco, nilijua ataogopa.

Nesi_Zamda:
Mpe simu asome huu uzi.

Mdogo_Mtu24:
Shikamooni. Mimi ndo mdogo mtu. Nimesoma yote. Kaka nampenda na najua kwanini alifanya hivi, ila sikujua kama Cusco iko juu hivyo, mimi nilikuwa nawaza ngazi tu. Kliniki yangu ni Jumanne, nitamuuliza daktari mwenyewe. Akikataa njia nitaomba treni, akikataa Cusco basi tutabaki Lima kwenye bahari na kaka atatembea peke yake anipigie video. Hela imeshaenda, basi.

Fundi_Saa:
Akaunti imefunguliwa leo, nawaonyesha tu.

Nesi_Zamda:
Hata kama imefunguliwa leo Fundi, kuna watu wa SS wanasoma hapa kimya kimya. Marahaba mdogo wangu. Jumanne waulize haya: bandama lako likoje, himoglobini yako ya sasa, oksijeni yako ukiwa umekaa na ukiwa umetembea, na kama kwenye ndege ya masaa mengi unahitaji mtungi. Mwambie mita za kila mahali mtakapolala, usimwambie "Peru" tu. Kaka naye aingie chumbani asikie.