Msaada: W-2 yangu ya Marekani imezidi mshahara, hizi hisa wamezihesabuje?

Mkibosho_Original
Wakuu habari za jioni. Nimerudi Moshi majuzi, mwaka jana wote nlikuwa Seattle napiga kazi kampuni ya programu, mkataba wangu dola 90,000 basi. Leo nimeprinti W-2, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, stesheneri hapa mjini boksi 1 linasoma 110,000, nikajua wamenichanganya na mtu. Kushuka chini boksi 14 wameandika RSU 20,000, zile hisa kampuni inazokupa kama sehemu ya malipo. Halafu broka, wakala anayetunza hisa zangu, naye kaleta 1099-B, fomu ya mauzo ya hisa, eti nimeuza hisa za 14,420 na gharama ya kununulia ni sifuri. Sasa hiyo 20,000 naijaza wapi tena, na hiyo 14,420 nayo inakatwa kodi yote? Wife anasema nikamuone mhasibu wa pale kanisani ila yule mzee anajua PAYE na VAT za huku tu.

Sakina_Kwanza
Jumlisha mkuu, 110 na 20 ni 130,000. Wameiweka pembeni ili uiongeze mwenyewe.

DadaWaNjiro
We Sakina usimpoteze mwenzio jamani 😂 hiyo 20,000 ishaingia kwenye 110,000, boksi 14 ni taarifa tu. Kaka chukulia mwenye shamba anakulipa hela na gunia la kahawa juu. Siku anakukabidhi gunia, bei ya siku ile ni mshahara wako. Ukiliweka stoo ukaja kuuza baadae, unachodaiwa ni kilichoongezeka tu. Hisa zilivesti ngapi, yaani zilizokuwa zako rasmi, na siku hiyo zilikuwa bei gani?

Mkibosho_Original
200, kwa dola 100. Ila akaunti ilionyesha 140 tu, 60 sikuziona mpaka leo.

DadaWaNjiro
Hizo 60 ndo kodi. Kwenye hisa hukata asilimia 22 kama bonasi, weka 6.2 ya Social Security (pensheni yao) na 1.45 ya Medicare (bima ya afya ya wazee), inakuja 29.65, kwa hisa 200 ni 59.3, wakakamilisha hisa nzima 60. Hela yake iko boksi 2, 4 na 6, hujaibiwa. Zilizobaki 140 mara 100 ni 14,000, hiyo ndo gharama yako halisi, kwa hiyo faida ni 420. Ukiacha ile sifuri utalipa kodi mara mbili kwa hela ileile, na wengi wanaliwa hapohapo. Unarekebisha kwenye fomu 8949, ile ya kuorodhesha mauzo ya hisa: kama 1099-B inasema gharama haikupelekwa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), andika 14,000 safu ya e moja kwa moja. Kama ilipelekwa hivyohivyo sifuri, iache, weka herufi B safu ya f na toa 14,000 safu ya g.

Kijenge_Juu
Dada na mimi nidandie hapohapo, yangu haina RSU, ina herufi V boksi 12.

DadaWaNjiro
Hiyo ni opsheni za kawaida ulizotumia, yaani haki ya kununua hisa za kampuni kwa bei iliyopangwa; kiasi hicho ni tofauti ya bei ya soko na bei uliyolipia. Nayo iko ndani ya boksi 1 tayari, usiijumlishe tena. Ila kama ni zile ISO, opsheni zenye nafuu ya kodi, umenunua hisa na hujaziuza, W-2 haitaonyesha kitu, utaletewa fomu 3921.

Sakina_Kwanza
Nimekubali yaishe, nlidhani boksi ni boksi.

Mkibosho_Original
Nimeikuta dada! PDF ya broka, ukurasa wa mwisho kabisa kwa maandishi ya sisimizi, 140 kwa 100.00. Na juu imeandikwa haikupelekwa IRS. Kesho narudi stesheneri, leo wameshafunga.